Risasi Laini Haina Kosa

Tundu la risasi kwenye karatasi linatakiwa kuwa la mviringo. Langu lilikuwa refu, limechanika pembeni, kama tundu la ufunguo. Nilipiga tano, tatu zilifika zikiwa zimelala ubavu, kama mtu aliyerushwa kutoka kwenye basi. Ilikuwa Pennsylvania, asubuhi ya baridi, kwenye uwanja wa shabaha wa kulipia, na vichwa vile vya risasi nilikuwa nimevimimina mwenyewe nyuma ya nyumba.

Bwana aliyekuwa meza ya pili alichungulia kwa darubini yake, akatikisa kichwa. "Risasi yako ni laini mno," akasema. "Ifanye iwe ngumu."

Ninaandika haya kuipinga sentensi hiyo. Nimeisikia tangu siku ile kwa watu wengi, wengine wazoefu kunizidi kwa miaka thelathini, na kila mara husemwa kwa uhakika uleule. Ni sentensi ya kivivu. Inailaumu madini kwa kosa la mtu ambaye hakupima. Kwa sababu niliiamini, kuna kulungu aliyekufa vibaya mahali nisipopajua.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kiswahili, kama Kiarabu kilikolichukua neno hili, kinaita madini na kitu kinachorushwa kwa jina moja: risasi. Hata leo, bunduki nyingi zinaporusha shaba iliyofunika kiini cha risasi, jina halijabadilika. Kwa hiyo hapa nitasema "risasi" kwa madini, na "kichwa" kwa kile kipande kinachotoka mtutuni. Kuna neno la pili la kulishika. Chombo cha kumiminia tunakiita kalibu. Wengi wanaochunguza asili ya maneno wanaamini kwamba neno ambalo Wazungu hulitumia kutaja upana wa mtutu limetokana na neno hilohilo la Kiarabu lililotupa kalibu. Kama ni hivyo, basi kalibu na upana wa mtutu ni ndugu wa tumbo moja, na hapo ndipo hoja yangu inapokaa.

Bunduki yenyewe ni Lee-Enfield ya inchi 0.303, ile iliyotumiwa na majeshi ya Mwingereza katika vita vyote viwili vya dunia. Sikuinunua kwa sababu ya kuwinda. Babu yangu alikuwa keya, na mwaka 1944 alikuwa Burma na bunduki ya aina hii begani. Nilipoiona ya kwangu kwenye duka la vitu vya zamani, mbao zake zimekwaruzwa, nilifikiria bega lake. Risasi za dukani za bunduki hiyo ni ghali, na watu wenye silaha za zamani huku Marekani humimina vichwa vyao wenyewe. Nikanunua sufuria ya umeme, kijiko cha kuchotea, na kalibu iliyoandikwa inchi 0.311, yaani milimita 7.90. Boksi lilisema hicho ndicho kipimo cha Lee-Enfield. Nikaliamini boksi.

Baada ya aibu ya uwanjani, nikamtii yule bwana. Risasi tupu ina ugumu wa kama 5 kwenye kipimo cha Brinell. Ukiichanganya na stani na antimoni kwa mafungu ya 90, 5 na 5, unafika kama 15. Ile aloi ya zamani ya matbaa, ya mashine za Linotype, yenye antimoni asilimia 12 na stani 4, inafika kama 22. Nikatafuta aloi ya matbaa. Nikamimina vichwa vinavyong'aa, vigumu, visivyokubali ukucha. Nikaenda uwanjani nikapiga vitano vya kwanza kwa mtutu uliosafishwa vizuri, na matundu yakawa ya mviringo, yamekaribiana kiasi. Nikafurahi. Nikapiga vingine kumi na tano kwa raha tu, bila hata kuangalia karatasi, nikafunga virago.

Wiki iliyofuata niliingia msituni na bunduki ileile, bila kuusafisha mtutu. Kulungu dume alisimama umbali wa hatua sitini, ubavu wazi. Nilimpiga. Aliruka, akatimka, na nilipofika aliposimama nikakuta damu nyeusi yenye majani ndani yake. Anayewinda anajua maana yake: nilimpiga tumboni. Nilimfuata kwa saa nne hadi giza likaingia, na asubuhi nikarudi tena. Sikumpata.

Niliporudi nyumbani na kusafisha mtutu, brashi ilitoa vipande vya risasi virefu, vyembamba kama karatasi ya sigara. Mtutu ulikuwa umepakwa risasi kwa ndani, hasa karibu na chemba. Vile vichwa vigumu, vilivyosifiwa kwa ugumu wao, ndivyo vilivyoupaka.

Kwa nini? Mpaka hapa mtu wa sentensi ya kivivu ana jibu moja tu: ongeza ugumu zaidi. Ngoja nieleze kinachotokea hasa.

Ndani ya mtutu wa raifo kuna matuta na mifereji inayozunguka kama ngazi ya mnara, na kazi yake ni kukizungusha kichwa ili kisipinduke angani. Ni shamba lililolimwa kwa mzunguko. Kichwa cha risasi kinatakiwa kiyajaze matuta na mifereji kabisa, kisiache upenyo. Baruti ikiwaka nyuma yake, gesi yenye joto kali inatafuta njia. Ikikuta upenyo kati ya kichwa na mfereji, inapita hapo kama moto wa mchomeleaji, inakata ubavu wa kichwa, na risasi iliyoyeyuka inagandia kwenye chuma. Kichwa kinachofuata kinakuta njia chafu zaidi. Baada ya risasi kumi au ishirini matuta yamefunikwa, hayakamati tena, na kichwa kinatoka kikiyumba.

Sasa angalia ujanja wa risasi laini. Kikisukumwa kwa nguvu kutoka nyuma, kichwa laini hutanuka kidogo ubavuni na kuziba upenyo mdogo. Kichwa kigumu hakitanuki kirahisi. Ukiwa na kichwa chembamba kuliko mtutu, kisha ukakifanya kigumu, umeuacha mlango wazi halafu ukavunja kitasa. Hilo ndilo nililofanya.

Na hili si jambo jipya. Mwaka 1849 nahodha wa Kifaransa, Claude-Étienne Minié, alitengeneza kichwa cha risasi laini chenye shimo chini. Bunduki za wakati ule zilishindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, kwa hiyo kichwa kilipaswa kuwa chembamba ili kishuke haraka. Baruti ilipolipuka, sketi ya kile kichwa ilitanuka ikayashika matuta. Raifo ikageuka kuwa silaha ya kila askari wa kawaida, na vita vya Crimea na vile vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikamwaga damu kwa kanuni hiyo. Sisifii matumizi yake. Ninasema tu kwamba zaidi ya miaka 170 iliyopita mtu alijua kwamba ulaini wa risasi, ukitumiwa kwa akili, ni sifa. Leo tunauita ugonjwa.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani, fundi mstaafu wa mashine za kuchonga chuma. Sikumweleza habari ya ugumu hata nikamaliza. Alinikatiza: "Kijana, mtutu wako una upana gani?" Nikamwambia inchi 0.311. "Hiyo ni ya boksi. Nimeuliza wako."

Tulichukua kipande cha risasi tupu, kinene kidogo kuliko mtutu, tukaupaka mtutu mafuta, tukakisukuma kwa fimbo kutoka mdomoni hadi nyuma. Aliniachia nisukume mwenyewe. "Sikiliza kwa mkono," akasema. Mwanzoni kilikaza, katikati kikawa sawa, na karibu na chemba kikalegea ghafla kama mguu unapokosa ngazi. Pale ndipo moto wa miaka mingi ulipokuwa umekula chuma.

Kukipima kile kipande nako kulikuwa na somo. Mtutu wangu una mifereji mitano. Ukikishika kwa maikromita ya kawaida, upande mmoja unagusa alama ya mfereji na upande wa pili unagusa alama ya tuta, kwa hiyo unapata namba ya uongo, ndogo kuliko ukweli. Wapo Lee-Enfield za Vita vya Pili zenye mifereji miwili tu, na hizo hupimika bila taabu. Ngapi kati yetu tuliwahi kuhesabu mifereji kabla ya kutangaza kipimo? Mzee alitoa maikromita yenye kitako cha umbo la V, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Namba halisi: inchi 0.3145, karibu milimita 7.99. Kichwa changu kilikuwa 7.90. Tofauti ni unene wa unywele mmoja. Ule unywele ndio uliompiga kulungu tumboni.

Lakini mtutu ni nusu ya habari. Kati ya chemba, mahali ganda linapokaa, na pale matuta yanapoanza, kuna sehemu fupi isiyo na matuta. Tuiite koo la bunduki. Kichwa hupita kooni kabla ya kushikwa na matuta. Koo likiwa pana kuliko kichwa, kichwa kinaweza kuinama kidogo humo ndani, kisha kinaingia kwenye matuta kikiwa kimepinda, na hakuna tuta litakalokinyoosha baadaye. Franklin Mann, Mmarekani aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kuchunguza kwa nini vichwa hupotea njia, alichapisha kitabu kizima juu ya mambo haya mwaka 1909. Makosa aliyoyawinda yalikuwa madogo: kitako kilichoharibika kidogo, kichwa kilichoinama kidogo.

Koo hulipimi kwa fimbo. Mzee aliyeyusha aloi ya bismuthi, ile iitwayo Cerrosafe, inayoyeyuka kabla hata maji hayajachemka. Akaziba mtutu kwa kitambaa mbele kidogo ya koo, akaimimina kupitia chemba. Ilipoganda akaigonga ikatoka, akaiweka mezani, akasema tunywe kahawa, kwa sababu aloi hiyo husinyaa kwanza kisha hutanuka, na baada ya kama saa moja ndipo hulingana na chemba. Tulikunywa kahawa. Kisha nikashika mkononi umbo la ndani ya bunduki yangu: chemba, shingo, koo, mwanzo wa matuta. Koo lilikuwa inchi 0.317, zaidi ya milimita 8.

Nilijisikia mjinga, lakini pia nilisikia kitu kama heshima. Koo la bunduki ni wasifu wake. Baruti ya Kiingereza ya enzi hizo iliwaka kwa joto kali, hata ikawalazimu mwishoni mwa karne ya 19 kubadili umbo la matuta, kwa sababu yale ya zamani yalikwisha upesi. Chemba zenyewe zilichongwa kwa nafasi kubwa ili risasi yenye matope ya vitani iingie. Vichwa vya vita vilivikwa ganda la chuma kigumu kuliko risasi na kusukumwa kwa nguvu kubwa, kwa hiyo vilivumilia hayo yote. Kichwa cha risasi tupu hakivumilii. Kila bunduki iliyotoka katika viwanda vile ilifuata njia yake, na kila moja ina koo lake. Boksi linawezaje kulijua?

Niliagiza kalibu mpya, nikamimina vichwa vya inchi 0.316, vinavyopita kooni bila kukaza na bila kucheza. Aloi ilikuwa ya kawaida, risasi za kubalansi tairi na stani kidogo, laini kuliko ile ya matbaa kwa mbali. Kabla ya kupiga hata kimoja, mzee alinilazimisha kupima shingo: ganda likishika kichwa kinene, je, bado lina nafasi ya kutanuka ndani ya chemba na kukiachia? Lisipokuwa nayo, mgandamizo hupanda ghafla, na uso ulio nyuma ya bunduki ni wako. Tukapima pia urefu, kichwa kiguse mwanzo wa matuta kwa wepesi tu. Kikijikita humo, ukiamua kuitoa risasi bila kupiga, ganda litatoka peke yake na kumwaga baruti kwenye mashine.

Nilipiga arobaini siku hiyo. Matundu arobaini ya mviringo. Brashi ilitoka na masizi na nta ya nyuki. Risasi haikuwepo.

Sasa nijibu wale wanaonipinga, kwa sababu wapo na si wajinga.

Wanasema: ugumu una kazi yake. Kweli. Ukikisukuma kichwa laini kwa kasi kubwa mno, kitateleza juu ya matuta badala ya kuyafuata. Sikatai. Ninachokataa ni mpangilio. Kipimo kwanza, ugumu baadaye. Aliyepima akakuta kichwa kinalingana, kisha akahitaji kasi zaidi, huyo aongeze antimoni kwa baraka zangu. Asiyepima akaongeza antimoni anachanganya dawa bila kujua ugonjwa.

Wanasema: mbona kila muuzaji anasifia ugumu? Kwa sababu ugumu unauzika. Unaweza kuuandika kwa namba kubwa kwenye boksi, na kichwa kigumu hakibonyei kirahisi njiani. Kulingana na koo hakuuziki, maana koo ni lako peke yako. Hakuna kiwanda kitakachokuja kumimina aloi kwenye chemba yako na kunywa kahawa nawe kwa saa moja. Ndiyo maana jambo lenye maana kuliko yote halimo kwenye tangazo.

Wanasema: ni burudani tu, unywele mmoja una nini? Kwa karatasi, labda hauna kitu. Lakini anayeingia msituni na kichwa ambacho hakukipima anacheza burudani yake kwenye tumbo la mnyama. Deni hilo halilipwi kwa kusema "ilikuwa laini mno".

Na wapo wanaosema, kwa sauti ninayoiheshimu zaidi: acheni risasi kabisa. California imepiga marufuku vichwa vya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Marekani nzima ilishaikataza kwa kuwinda bata mwaka 1991. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Sina jibu la kuwashinda. Nina jibu la kuishi nalo: anayebaki na risasi apime na huko pia. Ninamimina nje, kwenye hewa, nikiwa mkavu, kwa sababu tone moja la jasho ndani ya sufuria hugeuka mvuke na kuirusha risasi ya moto usoni. Sili wala sivuti mkono ukiwa mchafu. Nguo za kazi haziingii ndani. Ule unga wa kijivu unaoelea juu ya sufuria naufunika, maana hatari kubwa ya mmiminaji makini ni vumbi na vidole. Kila mwaka napima damu. Marekani inataka hatua zichukuliwe kwa mtoto mwenye mikrogramu 3.5 kwa desilita. Nilipomwambia bwana wa meza ya pili kuhusu kipimo hicho, alisema yeye hajapima tangu aanze, na hajisikii mgonjwa. Sikushangaa. Ni mtu yuleyule.

Ukitaka kubaki na jambo moja kutoka kwangu, hata kama hutashika bunduki maishani, ni hili: mtu akikwambia kitu kimeshindwa kwa sababu ni laini, muulize alipima nini. Mara nyingi utamkuta ameshika boksi.

Bado nina kile kipande cha risasi tulichokisukuma siku ya kwanza. Kina alama za mifereji mitano na ubavu mmoja uliopwaya. Nakiweka juu ya meza ya kumiminia, ndani ya kichupa kilichofungwa, mbele ya ile kalibu ya 0.311 ambayo siitumii tena. Msimu wa kuwinda ukikaribia nakiangalia kabla ya kuwasha sufuria.